Kokugonza na Mtumbwi wa Pombe

Mtumbwi wa kukamulia ndizi niliouchonga mimi hauna mwenzake hapa Bweranyange. Wapo wanaobisha, lakini wengi wao walikunywa pombe yake wakalala njiani, kwa hiyo ushahidi wao haufai. Niliuchonga kwa gogo moja, ukanyooka kama mistari ya ubao wa mwalimu. Na mistari naijua: nilisoma darasa la kwanza na la pili, la tatu nikalisikiliza dirishani bure. Nauanza na mtumbwi kwa sababu mwipwa wangu Kokugonza alilala ndani yake karibu usichana wake wote.

Kokugonza ni binti wa dada yangu Eugenia. Baba yake alikwenda Uganda kwenye mashamba ya pamba, akaisahau njia ya kurudi. Mambo ya nyumba ile yakaniangukia mimi, mjomba, mtu mwenye mabega.

Msichana mwenyewe alikuwa mrefu kama mgomba wa bondeni, na mpole. Siku moja alikuja mama mmoja wa Kibingo, Placidia, shangazi wa kijana aliyetaka kumposa. Ndoa ingengoja miaka, ila watu wa Kibingo hawapendi kuchelewa. Mgeni akiingia, nyasi mpya hutandikwa sakafuni, na anayezitandika ni msichana wa nyumba. Kokugonza akainama mbele ya mgeni, akisambaza nyasi kutoka mlangoni kuelekea jikoni. Placidia akaacha kutafuna buni.

"Binti, umebeba nini mgongoni?"

"Sijabeba kitu, shangazi."

Sote tukatazama. Upande wa kulia wa mgongo ulikuwa umenyanyuka, kana kwamba ameficha kibuyu chini ya shuka. Akisimama, huoni, labda bega moja juu kidogo. Akiinama, kibuyu hicho hapo. Eugenia alimwona mwanawe kila siku shambani akiinamia maharage, na hakuona. Mimi pia sikuona, na macho yangu humwona kanga akiwa mtaa wa pili.

Placidia hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mpelekeni kwa dresa. Sisi tutangoja tujue mgongo huu unakwenda wapi."

Dresa wa dispensari yetu alikuwa Desderius, Mhaya wa Bukoba, kijana mwenye baiskeli na soksi ndefu. Alimwambia Kokugonza ainame kama anayetandika nyasi. Kisha akamsimamisha, mama yake akiwa amemshikia shuka, akatia nukta za dawa ya bluu kwenye kila kifundo cha uti wa mgongo. Zile nukta zilishuka kama nyayo za kuku aliyelewa.

"Nahitaji uzi wenye kitu kizito," akasema.

"Unahitaji timazi," nikamwambia. "Ninayo. Nilijenga nayo kanisa la misheni."

"Wewe ndiye uliyejenga kanisa?"

"Padri alishika fimbo, mimi nilishika timazi. Nani alijenga?"

Nikaileta. Akauweka uzi kwenye kisogo, shaba ikaning'inia mpaka chini ya kiuno. Kwa mtu aliyenyooka uzi hupita katikati. Kwa mwipwa wangu ulipita kando, vidole viwili.

"Sikilizeni," Desderius akasema. "Hili halikuletwa na mizigo, wala na mbeleko, wala na mchawi. Hutokea msichana anapokua kwa haraka. Akikoma kukua kabla uzi haujasogea zaidi, ataishi kama mtu yeyote, atalima, atazaa. Ukiendelea kusogea, mbavu zitabana mapafu, na hapo itabidi apelekwe hospitali ya mbali akafungwe plasta kutoka kwapani mpaka nyongani, akae huko mwaka au zaidi. Mimi dawa ya mgongo sina. Nina macho tu. Mleteni kila maharage yakivunwa, tupime."

"Na nyumbani tufanye nini?" Eugenia akauliza.

"Afanye kazi zake. Alale mahali pagumu, palipo sawa, pasipobonyea."

Kokugonza alikuwa anafunga shuka yake. Nikamtania, "Umesikia? Umeandikwa nukta kama chui."

"Si kitu, mjomba," akasema. Nadhani hiyo ndiyo siku alipoanza kusema hivyo.

Sasa fikiri wewe. Vitanda vyetu ni nyasi, na nyasi hubonyea. Katika boma zima, kitu gani kigumu kilichonyooka? Jioni hiyohiyo Eugenia akaja na wanawake wawili, wakaubeba mtumbwi wangu.

"Dada, na pombe?"

"Pombe itangoja. Mgomba ukiinama huuwekei panda?"

Wazee walinung'unika kwamba mtumbwi ukilaliwa na mwanamke pombe itagoma kuchacha. Nilimeza maneno yao pamoja na yangu. Wakautandika kwa majani makavu ya migomba, kidogo tu, wakamlaza. Ulimkaa kama ala na panga. Humo hujigeuzi. Mikono huilaza kando, unatazama paa. Asubuhi alitoka mkono mmoja umekufa ganzi, akaubeba kwa mkono mwingine mpaka kisimani.

Maharage yakavunwa, tukapima: vidole viwili. Haukusogea. Eugenia akarudi nyumbani akapangusa mtumbwi kama altare.

Desderius aliugundua siku alipopita kwetu na baiskeli, akamkuta msichana ana homa, amelala humo.

"Ninyi Wanyambo! Nani aliwaambia mtumbwi?"

"Ulisema pagumu," Eugenia akajibu.

"Ubao! Mkeka juu ya ubao! Mtoeni, mwacheni ajigeuze."

"Uzi umesogea?"

"Haukusogea. Lakini si kwa sababu ya mtumbwi."

"Kwa sababu ya nini?"

Desderius akavuta soksi yake juu. "Migongo mingine husimama yenyewe. Mingine haisimami. Sababu hatuijui."

"Basi kama hamuijui, mtumbwi unabaki."

Alinigeukia mimi, mtu aliyesoma. Nikamwambia, "Bwana Dresa, ningekuwa na hakika ningesema. Nawe ungekuwa na hakika ungesema." Akapanda baiskeli yake.

Hakuna aliyemuuliza Kokugonza. Alikuwa anasikiliza kutoka ndani ya gogo, ni pua tu iliyoonekana.

Hivyo ndivyo alivyokua. Wenzake walicheza ngoma, yeye giza likiingia aliingia mtumbwini bila kuambiwa. Mvua za vuli, mvua za masika. Alilima, alichuma kahawa, alipiga magoti akaniamkia, "Shikamoo, mjomba," kwa sauti ileile. Nilimletea vichekesho vyangu vyote, hata vile vya padri na nyuki, ambavyo vimewahi kumchekesha maiti. Alitabasamu kwa adabu, kama unavyompokea mgeni wakati umekwisha kula.

Kisha likaja vuno ambalo Desderius alipima mara mbili. Alimsimamisha ukutani, akalinganisha na alama ya kimo ya mwaka uliopita: ilikuwa palepale. Akashusha timazi: vidole viwili, kama mwanzo.

"Amekoma kukua," akasema. "Na mgongo umesimama. Kokugonza, umepona kwa kadiri inayowezekana. Bega litabaki hivyo, lakini pumzi ni yako yote."

Eugenia akapiga vigelegele mpaka wagonjwa wakatoka nje. Mimi nilirusha kofia.

Kokugonza akauliza, "Kwa hiyo nitoke?"

"Utoke wapi?"

"Mtumbwini."

"Toka, mwanangu! Toka!"

"Ndiyo, mama," akasema, akafunga shuka.

Placidia alikuja, akaona, akasema watu wa Kibingo wameridhika. Pombe ya harusi ikakamuliwa katika mtumbwi uleule, hakuna mwingine wenye ukubwa huo. Tuliusugua kwa mchanga, lakini mahali alipoweka kichwa palikuwa peusi kwa samli ya nywele zake, na weusi haukutoka. Vijana wakakanyaga ndizi na nyasi, maji yakapanda yakapafunika. Kokugonza alisimama kando akitazama. Pombe ilichacha vizuri ajabu, wazee wakaona haya. Nilimpelekea kibuyu mwenyewe.

"Onja, bibi harusi. Hii umeilalia."

Alikipokea kwa mikono miwili, akampa aliyekaa karibu naye.

Niliwatembelea Kibingo baada ya mavuno. Mume ni mtu mwema, ana kibanja kizuri cha migomba na kitanda cha mbao alichokitengeneza kwa ajili ya mkewe, kipana, chenye godoro la nyasi laini. Nilipopita mlangoni niliona upande wa mke: amelaza magogo mawili juu ya godoro, kushoto na kulia, na katikati nafasi ya mtu mmoja asiyejigeuza.

"Ehe! Unamwogopa mumeo hata unajijengea ukuta?"

Kokugonza alikuwa ameinama ananitandikia nyasi, kibuyu cha mgongoni kikiwa mahali pake. Hakuinuka.

"Si kitu, mjomba," akasema. "Bila hayo silali."