Siku Mama Spana Alipofungua Pampu ya Shule

Ukimzoea mtu humwoni tena, unaona kanga tu inapita. Ndivyo wifi yake alivyomwona Mama Spana, mke wa kaka yake. Miaka kumi na moja ua mmoja, akimtazama anaondoka asubuhi na mfuko wa spana, kucha zimejaa grisi, akidhani ni mwanamke aliyekimbia jiko, basi. Kumbe alimaliza la saba, akafundishwa wiki mbili kutengeneza pampu za mikono, akakusanya wanawake wenzake wanane. Vijiji kumi na vinne vinakunywa maji kwa mikono ile yenye grisi.

Pampu ya shule ilipokufa, wakaenda wote tisa, na wifi akafuata kumbebea kamba. Madarasani walilala wageni waliokimbia mapigano, familia sitini, wiki ya tatu. Mwenyekiti wa kamati ya maji alishafika, kufuli mkononi.

"Itengeneze, kisha naifunga. Wenyeji tu. Hawa wameikamua mpaka imekufa. Mto upo."

"Mto wa saa mbili kwa miguu? Na wenye vichanga?"

"Mgeni siku mbili, Mama Spana. Ya tatu mpe jembe."

"Jembe si hili hapa?" Akaligonga bomba kwa spana, akawageukia wageni madarasani. "Dada zangu, mnaitwa huku! Mabomba haya hayatoki kwa mafundi tisa."

Wakaja, wengine na watoto mgongoni. Wakavuta wote, wenyeji na wageni kwenye kamba moja, bomba baada ya bomba, mpaka viganja vikawaka. La mwisho lilipotoka, Mama Spana akafungua sehemu ya chini, panapokaa mpira wa kuzuia maji yasirudi, akachomoa kipande cha mpira wa bluu, kimelika kama kimetafunwa na panya.

Wifi akaijua bluu ile. Kandambili yake ya kushoto, iliyopotea kabla ya mvua! Na yeye alivyomtukana mbwa wa jirani! Kisha kicheko kikamkauka. Kabla ya mvua wageni hawakuwepo.

"Si mnaona?" mwenyekiti akapaza sauti. "Wameimaliza!"

Nani angejua? Wao wawili tu. Nyamaza, wifi yangu, akaomba moyoni. Fundi akishajulikana kalipua kazi, nani atamwita tena?

Mama Spana akakiinua juu kipande kile, kila mtu akione.

"Hiki nilikiweka mimi, kabla hawa hawajafika. Mpira wenyewe sikuwa nao, nikakata kandambili, nikakaa kimya. Hawakuharibu wao. Niliharibu mimi."

Mwenyekiti akamsogelea.

"Unajua unachosema mbele za watu?"

"Najua. Leo mpira wa kweli ninao. Ukitaka kufunga, nifungie mimi."

Wifi alimtazama yule mwanamke kama ndiyo kwanza analetwa bibi harusi pale nyumbani.

Mabomba yakarudi chini. Wakapiga mkono wa pampu kavu, wakapiga tena, mpaka maji yakatoka ya kahawia, halafu meupe. Mwenyeji akajaza ndoo yake, akasogea. Nyuma yake mgeni mwenye kichanga akaweka ya kwake. Mwenyekiti akaiangalia ndoo ile ikijaa. Mwishowe kufuli likaingia mfukoni.

"Kamati itakuita."

"Nitakuja."

Akageuka. "Wifi, kusanya kamba, kijiji cha pili kinatungoja."

Wifi akakusanya kamba.