Uso wa Mwalimu na Jeli Yetu

Nilisomea utengenezaji wa dawa, si utabibu, lakini washiriki wote wa utafiti wetu waliniita daktari, na baada ya muda nikachoka kuwasahihisha. Tulikuwa tunatengeneza jeli ya kupaka usoni, yenye dawa ya jamii ya vitamini A, kwa ajili ya chunusi kubwa zinazovimba na kutunga usaha. Dawa za namna hiyo zipo, ila nyingi zinazofika Dodoma zinababua ngozi zetu, kisha zinaacha madoa meusi yanayomkera mtu kuliko hata chunusi zenyewe. Tulitaka iliyo pole.

Dawa ile huharibika ikipigwa na mwanga. Kwa hiyo tulifanya kazi mchana huku mapazia yamefungwa, chini ya taa ya manjano, chupa zimeviringishiwa karatasi ya alumini. Unga wa kugandisha jeli lazima uunyunyize majini kidogo kidogo. Ukiharakisha unapata mabonge kama ya ugali uliosongwa na mtu mwenye hasira. Umeme ukikatika na joto likipanda, jeli iliachia maji. Tulimwaga nyingi.

Hatimaye tukapata ruhusa ya kuijaribu kwa watu. Utafiti uliongozwa na daktari wa ngozi, mama mtu mzima mwenye maneno machache. Miongoni mwa waliokuja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ihumwa, Msandawe mzaliwa wa Chemba, aliyeingia amejitanda khanga mpaka puani. Alipoishusha, mashavu na kidevu vilikuwa vyekundu kwa uvimbe. Alisema wanafunzi wamempa jina, na hakutaka kulitaja.

Tulimweleza kama tulivyowaeleza wanawake wote: dawa za jamii hii zikimezwa huweza kumharibu mtoto tumboni, ya kupaka huingia mwilini kidogo sana, lakini hatuwezi kuapa. Alipimwa, hakuwa na mimba, na alikuwa anachoma sindano ya uzazi wa mpango. Akakubali.

Jeli ilimkubali. Uvimbe ulishuka, kidevu kikalainika, na siku moja akaja kliniki bila kujitanda. Nilifurahi mno. Nilipokuwa narudi nyumbani Ipagala jioni ile nilimpigia mama yangu kumwambia kwamba kitu nilichokoroga kwa mikono yangu kimemponya mtu.

Kisha asubuhi moja akaja bila miadi, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa maabara.

"Daktari," alisema, "nina mimba."

Nilimuuliza kuhusu sindano. Alitazama viatu vyake.

"Niliiacha. Uso ulipokuwa vile, mume wangu alikuwa anakula na kutoka. Alikuwa hakai na mimi. Uso ulipotulia, na nyumba ikatulia. Nikaona nisipopata mtoto sasa, sitapata tena."

"Lakini mwalimu, tulikwambia."

"Mlisema. Lakini nilijua nikiwaambia mtaniachisha jeli, na uso utarudi."

Nilimwita daktari wa ngozi, naye akamwambia aache kupaka siku hiyo hiyo. Hakumkaripia. Alimweleza kwamba hatari ni ndogo, na kwamba atafuatiliwa mpaka ajifungue.

"Ndogo ni kiasi gani, mama?" mwalimu aliuliza.

"Ndogo, mwanangu. Siwezi kukudanganya nikasema haipo."

Mwalimu alitoka akampigia mama yake, akiwa amesimama nje ya dirisha letu. Aliongea kwa lugha yao ile yenye milio ya ulimi, nami sikuelewa kitu, isipokuwa maneno mawili yaliyokuwa yanarudi kwa Kiswahili: jeli, na daktari. Daktari ndiye mimi.

Miezi iliyofuata niliendelea kwenda kazini, lakini mikono ilibadilika. Nilikuwa nikikoroga jeli naiona kama kitu kilichoingia mahali ambapo sikukituma. Nilimsindikiza kwenye kipimo cha picha ya tumbo, na mhudumu alipokaa kimya huku akizungusha kile kifaa tumboni, nilijikuta nimemshika mwalimu bega kwa nguvu mpaka akanitazama. Moyo wa mtoto ulikuwa unadunda vizuri. Hiyo haikunitosha. Nilisoma usiku na mchana juu ya masikio, kaakaa, na moyo, nikajuta kusoma.

Alijifungulia kwao Chemba. Daktari wa ngozi alinichukua kwenye gari lake tukaenda. Bibi wa mtoto alitupokea kwa adabu, nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Daktari alimkagua mtoto taratibu kitandani: masikio, mdomo kwa ndani, vidole. Alikuwa msichana, na alilia kwa sauti nene kama mtu mwenye madai.

"Mzima," daktari akasema. "Wampeleke tu akapimwe na moyo kwa uhakika zaidi."

Nililia pale pale. Mwalimu hakulia. Uso wake ulikuwa umerudi kama mwanzo, pengine vibaya zaidi, na mumewe hakuwepo.

"Ile jeli bado ipo?" aliniuliza tulipobaki wawili.

"Ipo. Ila unanyonyesha. Siwezi kukupa."

"Basi hunifai kitu," alisema, kwa upole kabisa, akamgeuzia mtoto titi la pili.

Moyo wa mtoto ulipimwa, ukaonekana salama. Utafiti uliendelea bila mwalimu. Matokeo yake yalikuwa mazuri na wenzangu walipongezana. Mwaka huu nilikutana naye sokoni Ihumwa. Uso ulikuwa na weupe usio wake, unang'aa, na pembeni ya masikio ngozi imekuwa nyeusi, kama inavyokuwa kwa wanaopaka krimu za mchanganyiko zinazouzwa mitaani. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Nilitaka kumwambia kuhusu krimu zile.

"Mmependeza," nikasema.

Alinishukuru, akaendelea kuchagua nyanya.