Risasi za Februari, Baridi ya Julai

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, tuliposhuka kwenye lori huko Kinangop, miguu imekufa ganzi. Tulikuwa tumetoka Makongeni, mtaa wetu wa Eastlands jijini Nairobi, jana yake, tukaharibikiwa njiani mara mbili. Klabu yetu ya kulenga shabaha ilikuwa na nafasi moja tu katika fainali, na nafasi hiyo nilipewa mimi.

Risasi tulijaza baruti wenyewe, kwa leseni, chini ya jicho la Mzee Wafula wa Kaloleni, fundi wa klabu. Kila boksi aliliandikia hali ya hewa ya siku lilipojaribiwa. Mimi niliona ni mambo ya uzee. Zangu nilizijaribu Februari, jua la Nairobi likiwaka. Ziligonga katikati, nikafunga boksi bila kuandika neno.

Kinangop nyasi zilikuwa nyeupe, umande umeganda. Tuliruhusiwa risasi tatu za majaribio. Zote zikachimba udongo chini ya shabaha.

"Wasee wa Eastlando!" mpinzani mmoja akapaza sauti. "Mmekuja kulenga ama kupanda viazi?"

Nikamkimbilia Mzee. "Baruti imeharibika. Nipe vifaa niongeze kidogo."

"Ongeza, halafu saa sita jua litoke, bunduki ikupasukie usoni. Nitamwambia nini mama yako?" Akavuta kofia ya sufu hadi masikioni. "Baruti ni nzima, wewe. Imepigwa na baridi. Inaungua polepole, risasi inatoka ikiwa mvivu. Zimeshuka kiasi gani?"

"Kiganja kimoja."

"Basi rekebisha darubini ya bunduki, risasi ipande kiganja kimoja. Na leo uandike!"

Nikaandika kwenye boksi. Nikarekebisha darubini, nikalala kifudifudi. Ya kwanza, katikati. Ya pili ikagusa tundu la ya kwanza. Kufikia ya kumi, Mzee Wafula, mtu wa kanisa asiyecheza hata harusini, alikuwa akirusha mabega kama mchezaji wa ngoma ya isukuti. Kombe lilirudi Eastlands juu ya lori, tukiimba hadi sauti zikakauka.

Mwanangu, ulichokijaribu kwenye jua usikiapie kwenye baridi. Kikikuangusha, usikimbilie kuongeza nguvu. Uliza kwanza ni nini kimebadilika, kisha urekebishe.

Mimi sikuumbiwa kutulia. Siku nilipoihama Makongeni nisirudi tena, Mzee alinisindikiza hadi barabarani, akaniwekea mkono kichwani. "Mungu akutangulie," akasema, "na kila utakapofika, ufike ukiwa macho." Nami nakuombea hivyo hivyo.