Kopo la Wifi

Fundi alikuwa na sharti moja katika ushonaji wake: pasi haigusi nguo ya mteja kabla haijagusa kipande cha kitambaa hichohicho. Hata hariri ya bibi harusi aliikata ncha kwenye pindo, akaijaribu kwanza. Uso wake hakuujaribu.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa na saluni mlango wa pili, baraza moja. Ndiye aliyemletea kopo la dawa ya kuondoa madoa usoni. Hakuficha kilichomo: krimu ya upele ambayo mama mkwe aliandikiwa kwa ajili ya kiwiko, vidonge vya kichwa vilivyosagwa, na maji ya limau.

"Dawa ni dawa, wifi," alisema. "Ikitibu kiwiko, itashindwa shavu?"

Mwanzoni uso uling'aa, hata mumewe akatania kwamba taa ya sebuleni sasa izimwe. Fundi akazidi kupaka. Kisha mashavu yakaiva, yakatoa maji, na vijishipa vikajitokeza kama nyuzi za mshono uliofumuliwa. Jua la asubuhi likawa moto. Daktari wa ngozi alimweleza polepole kwamba krimu ile ni kali, ya kupakwa mahali padogo kwa siku chache. Usoni huifanya ngozi kuwa nyembamba. Vidonge na limau vilikuja kuichoma ikiwa haina kinga. Angepona, lakini si madoa yote yangeondoka.

Wifi hakuja kumpa pole. Aliwaambia wateja wake kwamba fundi ana damu chafu. Kidonda cha uso kikaanza kupoa; cha neno hilo hakikupoa.

Ndipo Fundi alipohamisha cherehani. Aliitoa chumbani, akaiweka barazani penye kivuli, ubavuni mwa mlango wa saluni, akakaa uso wazi. Kila aliyekuja kusuka alipita mbele yake. Aliyeuliza alijibiwa bila mguu kusimama kwenye cherehani: "Wifi yangu ndiye aliyenitengenezea. Ingia tu, yumo ndani."

Mumewe alimsihi, akachoka. Mama mkwe akamwita, akamwambia mambo ya ndani hayaanikwi nje. Fundi alijibu kwa adabu kwamba alichoanika ni uso, na mwingine wa kuvaa hana.

Viti vya saluni vikaanza kukaa vitupu. Alasiri moja wifi akatoka na kitana mkononi, wateja wawili wakichungulia nyuma yake.

"Wifi, rudi ndani. Unaniua."

"Nikuue kwa nini? Mimi nashona tu."

"Sasa unataka nini?"

Fundi akavuta droo ya cherehani, akatoa kopo. "Paka. Shavu moja tu. Ukipaka, leo hii nahamia ndani, na sitafungua mdomo tena."

Wifi akacheka, akawatazama wateja, akafungua kifuniko. Harufu ya limau lililochacha ikatoka. Akachovya kidole. Kidole kikapanda hadi karibu na shavu, kikakaa hapo. Kisha akakifuta kwenye aproni.

"Ngozi yangu haipatani na vitu hivi," akasema.

"Basi yangu ilikuwa kipande cha kujaribia."

Mteja mmoja, kichwa nusu kimesukwa, alijifunga kitambaa akaondoka. Wa pili akamfuata. Haukupita muda, wifi akashusha kibao cha saluni kwa mikono yake, na Fundi hakuinuka kumshikia ngazi.

Cherehani bado iko barazani. Mashavu yamepoa, madoa yamebaki. Wapo wanaomuuliza kama angemzuia wifi yake endapo kidole kile kingetaka kugusa shavu. Fundi hulowesha uzi mdomoni, hutunga sindano, kisha hujibu:

"Ningemshikia kioo."