Nahodha Aliyetoka Mwingi

Mume wangu Mutuku alizaliwa Mwingi, upande ule ambako maji hayatiririki, yanafukuliwa. Akiwa na miaka saba alikuwa akienda na punda mpaka mtoni, na mto wenyewe ni mchanga mtupu. Unachimba shimo, unakaa kando yake, unangoja maji yajikusanye, unateka kikombe kwa kikombe hadi mtungi ujae. Mtu angeniambia kwamba mtoto huyo atakuja kuendesha mashua ya tanga baharini, ningemwambia aache mzaha. Na mimi nimeolewa naye miaka kumi na tisa.

Tunaishi Grand Prairie, Marekani. Yeye anaendesha forklift kwenye ghala, anaingia saa kumi na moja alfajiri na kutoka saa saba na nusu mchana. Mimi ni muuguzi, Mkisii, na mdomo wangu hauna breki; hilo nalijua, msijisumbue kuniambia. Katika kikundi chetu cha marafiki Mutuku ni mtu wa viti. Iwe harusi, msiba au ubatizo, yeye ndiye husimamisha tenti, hupanga viti na kubeba barafu. Kwenye vikao haongei. Mwenyekiti wetu ni Nyaga, mhasibu anayekaa mji wa Katy na mkewe Everline, na akishamaliza kueleza jambo kwa nusu saa humgeukia: "Mutuku, uko sawa na hiyo?" Naye hujibu, "Sawa, Chairman." Akichelewa kujibu, namjibia mimi.

Miaka sita iliyopita alianza kupotea Jumamosi. Anatoka nyumbani saa mbili asubuhi, anarudi jioni amechoka na ana furaha. Sasa niambieni, mwanamke mwenye akili timamu angefikiri nini? Sikuuliza. Nilichukua gari nikamfuata polepole, nimevaa miwani ya jua kama mpelelezi. Nilimkuta kwenye Ziwa la Joe Pool, dakika kumi na tano kutoka kwetu, amelala chali chini ya mashua, anakwangua ukoga. Kando yake alikuwa mzee mmoja Mzungu, mstaafu wa reli, aliyekuwa na mashua nzuri na mgongo uliokwisha. Mutuku alikuwa akimsafishia, na mzee akimlipa kwa kumfundisha kusafiri kwa tanga. Nilirudi nyumbani nikacheka hadi nikalia. Baadaye alifanya mitihani na kuleta vyeti, kimoja baada ya kingine, nami nikamwambia aviweke pamoja na vile vya watoto vya kuogelea.

Januari mwaka huu tulikuwa na kikao kwa Nyaga, Katy. Tulipofika kwenye "mengineyo", Mutuku aliinua mkono. Wote tuligeuka kumtazama, maana ilikuwa mara ya kwanza.

"Nataka niwapeleke bahari," alisema. "Virgin Islands, zile za Marekani. Tuna-rent mashua, tunalala humo, tunazunguka visiwa wiki moja. Hata passport hamhitaji, Clothilde anaweza kuja na green card yake. Mimi ndio nita-sail."

Clothilde ni rafiki yangu, Mkongomani wa mji wa Baraka anayekaa mtaa wa Sharpstown na kutunza wazee. Alipiga vigelegele. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nautazama uso wa mume wangu. Huyu ni mtu ambaye haombi hata chumvi mezani. Siku hiyo aliomba kitu kimoja: tumpe maisha yetu siku saba.

Mimi sikumpa.

Niliogopa. Sijui kuogelea, na katika sisi watano ambao tungesafiri ni yeye peke yake anayejua. Ziwa la Joe Pool ni ziwa tu, unaona barabara kuu ukiwa katikati yake. Bahari ni jambo jingine. Tena kazini kwetu mgonjwa hawekewi damu mpaka wauguzi wawili wasimame kitandani pake na kusoma jina kwa sauti. Hata uwe bingwa namna gani, lazima liwepo jicho la pili. Nilijiambia kwamba simvunjii mume wangu heshima, namtafutia jicho la pili. Ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na elimu.

Kila Mkenya wa Marekani anajua namna siri zetu zinavyotunzwa. Kukiwa na jambo ambalo mtu fulani hapaswi kulijua, iwe sherehe ya siku yake ya kuzaliwa au habari ya msiba ambayo bado hajafikishiwa, hufunguliwa kundi la pili la WhatsApp lenye watu wote isipokuwa yeye. Nikafungua kundi la pili. Humo tulikubaliana kukodi nahodha wa kulipwa atakayetungoja gatini, na kwamba Mutuku tutamwambia ni sheria ya kampuni. Clothilde peke yake alipinga. Alinipigia simu.

"Moraa, ule ni bwana yako, eh. Utamufichia mambo mupaka lini?"

"Clothilde, wewe unataka tufe?"

"Miye sitaki kufa. Lakini sitaki tena mutu afe akiwa muzima."

Sikumsikiliza. Na mwezi Machi Nyaga akafanya jambo ambalo sisi hufanya kila siku: akatuma sauti kwenye kundi lisilo lenyewe. Mchana kweupe, kwenye kundi letu sote, Mutuku akiwemo: "Wasee, captain ako confirmed. Mutuku asijue, tutamwambia ni rule ya kampuni." Ilikaa dakika nne. Nilimpigia nikipiga kelele, akaifuta. Mutuku alikuwa kazini, na akiwa juu ya forklift hagusi simu. Alasiri alirudi, akala muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaomba aongezewe. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, jikoni.

Tulisafiri mwezi wa Mei, tukabadilisha ndege Miami na kutua kisiwa cha St. Thomas. Gatini alitungoja Kepteni Elroy, mzaliwa wa visiwa hivyo, mwembamba, mwenye mvi na begi moja la turubai. Mutuku alikuwa amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe.

"Ni sheria ya kampuni, baba," nilimwambia. "Lazima aje nasi."

Alinitazama kidogo tu. Kisha akaliokota lile begi. "Welcome, Captain," akasema kwa Kiingereza, akalibeba mpaka ndani ya mashua jinsi anavyobeba barafu kwenye harusi za watu.

Sasa niseme juu ya bahari, ingawa sijui nianzie wapi. Tulipotoka bandarini Kepteni Elroy alishika usukani, Mutuku akapandisha tanga, injini ikazimwa. Sikuwa najua kwamba dunia ina kimya cha namna ile. Nimeishi miaka ishirini katikati ya mashine zinazolia, hospitalini na barabarani, na ghafla kilichobaki kilikuwa maji yakipita ubavuni na kamba ikikwaruza kidogo. Ile mashua nzima, yenye vitanda na jiko na watu sita, ilikuwa inasukumwa na hewa. Maji yalikuwa na ile rangi ambayo kwenye matangazo nilidhani wameipaka. Mahali pa kina ni bluu nzito. Karibu na kisiwa inageuka kijani, kisha feruzi, kisha hairuhusiwi tena kuitwa rangi, unaona mchanga tu na kivuli cha mashua yako kikitembea juu yake.

Visiwa vilikuwa vikitokea kimoja nyuma ya kingine. Unadhani umefika mwisho, na nyuma ya kilima kinachomoka kingine, cha kijani mpaka majini. Everline alikuwa akijipiga picha, akaishusha simu. Tulipofunga kwenye boya katika ghuba moja ya kisiwa cha St. John, kasa mkubwa aliibuka hatua mbili kutoka kwetu, akavuta pumzi kwa sauti kama ya mzee aliyepanda ngazi, akatutazama, akazama taratibu. Clothilde, aliyekua kando ya Ziwa Tanganyika, alishika mdomo. "Mungu wangu, na hivi vyote vilikuwa hapa siku zote, siye tuko tunabeba masanduku ku kazi." Nyaga alivua kofia.

Lakini kilichonitisha zaidi, kutisha kwa namna ya kupendeza, alikuwa mume wangu. Alitembea juu ya mashua iliyoinama bila kushika kitu. Mbele kabisa kulikuwa na sehemu ya bahari iliyopata weusi kidogo. Aliitazama akasema polepole, "Unakuja," na nilipohesabu hadi kumi upepo ukatufikia na mashua ikalala ubavu. Alikuwa ameshalegeza kamba. Niliangalia ile mikono niliyoizoea, iliyonifungulia mitungi ya achari na kuwabeba wanangu, nikaona siijui. Niliona aibu kukaa karibu naye, kama msichana.

Siku ya pili Kepteni Elroy alinijia nikimenya viazi. "Mama, kwa nini mmeniita?" aliuliza. "Nakula na kulala tu. Mumeo anaujua upepo kuliko vijana wetu wengi." Alikuwa amejaribu mara tatu kumwachia usukani. Kila mara Mutuku aliushika dakika chache, akanitupia jicho, halafu akaurudisha: "Ni mashua yako, Captain." Yule mzee wa watu hakuelewa. Mimi nilielewa, na viazi vikanishinda.

Asubuhi ya siku ya tatu niliamka jua likichomoza, wengine wamelala. Mutuku alikuwa juu peke yake anachemsha chai. Nilikaa kando yake.

"Hakuna sheria ya kampuni," nilisema. "Nilimkodi mimi."

Alinimiminia chai. "Najua. Tangu Machi."

"Nani alikuambia?"

"Nyaga. Nilikuwa kwa break. Niliisikia hiyo voice note yake yote kabla hajaifuta."

Miezi miwili. Miezi miwili alikuwa akija nyumbani, akila, akipiga pasi shati la kuendea bahari, akijua kwamba gatini kuna mtu amekuja kuchukua nafasi yake.

"Kwa nini hukusema, Mutuku? Kwa nini hukugomba? Si ungenitukana hata kidogo?"

"Ningegomba ungemwondoa kwa sababu nimegomba," alisema. "Mimi sikutaka aondolewe. Nilitaka wewe umwone hana kazi." Aliangalia kikombe chake. "Na pia iliniuma, Moraa. Hiyo siwezi kudanganya. Iliniuma sana."

Nililia. Sikulia kwa adabu; nililia mpaka Clothilde akatoa kichwa mlangoni, akaona, akakirudisha.

Watu walipokaa kunywa chai nilisimama. Nilisema Kepteni Elroy ameshamaliza kazi yake, atalipwa wiki nzima, na atashuka asubuhi hii pale kivuko cha St. John kinapoegesha. Nilisema pia ni nani aliyedanganya, na kwamba ni mimi. Nyaga alikohoa.

"Moraa, hii ni serious matter. Nafikiri tukae kama kamati kwanza, kila mtu atoe maoni..."

"Nyaga, hakuna kikao," nilimwambia. "Anayetaka kushuka ashuke na Kepteni. Mimi nabaki na mume wangu."

Everline alisema anabaki. Clothilde alikuwa ameshaanza kuosha vikombe. Nyaga aliangalia kivuko, akaangalia bahari, akaangalia wanawake watatu. "Basi, imepita," akasema.

Kepteni Elroy alishuka na begi lake. Kabla ya kuingia kwenye kimashua kilichokuja kumpeleka ufukoni alimpa Mutuku mkono, akaushika muda mrefu. Tulimtazama mpaka akawa mtu mdogo gatini, kisha akageuka akaenda zake.

Mutuku alikaa kwenye usukani. Kisiwa kinachofuata kilikuwa ng'ambo ya mkondo mpana, na huko upepo ulikuwa unayafanya maji yawe meupe. Tulingoja atoe amri. Hakutoa. Nilimsogelea.

"Nini, baba?"

Aliongea kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. "Tangu tufike sijaogopa hata kidogo. Sasa ndiyo naogopa."

Nilikuwa na majibu mia moja. Sikutoa hata moja. Nilimuuliza nifanye nini, akanionyesha kamba iliyotufunga kwenye boya. Nikaenda mbele kwa magoti, nimekumbatia chuma, nikaifungua.