Mapengo ya Dani

Juzi binti yangu alikuja na homuweki ya sayansi: aandike vitu alivyorithi katika ukoo. Alianza na meno, nami nikacheka peke yangu.

Utotoni tuliishi mtaa wa Laini Saba, karibu na reli. Kwa vile nilikuwa mweupe kuliko ndugu zangu wote, watoto wa ploti waliniimbia, "Wewe uliokotwa kwa reli!" Niliumia kimya kimya, hadi meno yangu ya chini yakang'oka. Nyanya yangu, Dani, hakuwa na meno sita ya chini. Basi nikajua mimi ni wake. Wenzangu pia walikuwa na mapengo, lakini hilo sikulitilia maanani. Nilitembea mdomo wazi, nione nani atabisha.

Alasiri moja Dani alipokuwa akiniosha miguu kwa karai, harufu ya sabuni ikichanganyika na ya omena, vile visamaki alivyokaanga jirani, ulimi wangu ukagusa kitu kikali. Jino jipya. Niliangua kilio.

"Nini tena?"

"Linaota! Kumbe mimi si wa hapa!"

Alipoelewa, alicheka hadi akajipangusa machozi kwa leso.

"Yangu yaling'olewa na watu nikiwa msichana. Zamani kwetu ilikuwa mila, lazima kila mtu ang'olewe. Sasa hiyo utarithi aje?"

Akavua sandali, akatia mguu wake ndani ya karai, kando ya wangu. Vidole vyetu vya mwisho vilikuwa vimepanda juu ya wenzao, chake na changu, sawasawa.

Basi juzi nilimwambia binti yangu afute neno "meno".

"Sasa niandike nini?"

"Toa soksi."