Mama Yangu na Sinema ya Nyimbo

Siku ninayoikumbuka zaidi, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mvua mjini Thika, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwakamata vijana wetu. Nilikuwa karani kijana katika shamba la kahawa huko Ruiru. Mimi na mama tulikuwa tumepewa kibali cha kusafiri, tukaulize habari za kaka yangu Kamau, aliyechukuliwa na askari mwaka uliotangulia. Ofisini kwa mkuu wa wilaya tuliambiwa hajulikani aliko, turudi alasiri.

Mvua ilitusukuma hadi mlangoni pa ukumbi wa sinema. Filamu ilikuwa ya Kihindi, nyimbo juu ya nyimbo, na mimi niliuhesabu mchezo huo kuwa upuuzi wa watu wasio na kazi.

"Karani, mama ataelewa Kihindi?" bawabu alinitania.

"Wewe unakielewa?"

"Mimi naelewa mlango tu. Ingieni bwana, mama analowa!"

Sikuelewa neno hata moja. Lakini mwanamke mmoja alipoanza kuimba peke yake kando ya kisima, niliinama mbele nimsikie vizuri. Nilipenda jinsi watu wale, kila walipofikwa na msiba, walivyoacha yote wakaimba kwanza, kana kwamba huzuni nayo ni kazi inayostahili kutengewa wakati wake. Nikamgeukia mama. Alikuwa akilia kwa sauti, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa benchi zima lilikuwa likilia.

Tangu Kamau achukuliwe, mama hakuwa ametoa chozi. Nyumbani kwetu, kumlilia mtu ambaye hujaambiwa amekufa kulikuwa kumwitia kifo.

"Baba," aliniambia tulipotoka, maana ndivyo alivyoniita, "humo ndani sikumlilia mtu. Nililia na wale Wahindi." Akafuta uso kwa leso. "Wataionyesha tena?"

Tuliirudia kila tulipopata kibali. Habari zikafika kanisani, na mzee wa kanisa akaja nyumbani.

"Mama Kamau, Jumapili usimame utubu mbele ya watu, la sivyo utatengwa na meza ya Bwana."

"Nitubu nini?"

"Umeonekana ukiwalilia wacheza ngoma! Kama si anasa, basi tuambie ulikuwa ukimlilia nani."

Mama akaanza kuikunja leso yake. Kujibu kungekuwa kumtaja Kamau, na kumtaja kungekuwa kumzika. Nilisimama nieleze, mzee akanikatiza: "Karani, hapa si ofisini kwako."

Akatengwa. Kila Jumapili ya ushirika alitoka nje pamoja na wasiobatizwa, akasubiri ukutani hadi wenzake walipomaliza. Alikufa akiwa bado ametengwa. Kamau hakurudi, wala hakuna ofisi iliyowahi kutuambia alipozikwa. Hata leo wapo Ruiru wanaosema kwamba mama aliponzwa na kupenda anasa. Si kweli. Mimi nilikuwepo, na nitalikanusha neno hilo hadi siku yangu ya mwisho.

Basi, mwanangu, ukimwona mtu amekipenda kitu ambacho wewe hukioni maana, usikimbilie kumhukumu, wala usimshurutishe aitaje huzuni yake kwa jina. Huenda hapo ndipo mahali pekee alipobakiwa napo pa kuitua. Keti naye, utazame anachokitazama.

Mungu akujalie mahali pa kulilia bila kuulizwa, na akuweke kando ya wengine wakati wao ukifika.